Dhana ya Nozeli na Upimaji wa Kasoro Zake katika Injini za Petroli na Dizeli

Makala haya yanaeleza namna kasoro za nozeli za injini ya gari zinavyopimwa, na kwa nini upimaji huo hautenganishiki na suala la istilahi. Katika gereji za Tanzania, neno nozeli hutaja vifaa vitatu tofauti: cha injini ya petroli, kinachofunguliwa kwa umeme, cha dizeli ya zamani, kinachofunguliwa na msukumo wa mafuta yenyewe, na cha dizeli ya mfumo wa komoni reli. Vyote hunyunyiza mafuta. Namna ya kuvipima haifanani.

Nozeli ya kawaida ya petroli hupokea mafuta kwa msukumo wa takribani baa 3. Ndani yake mna koili ambayo, ikipitishwa umeme, huvuta sindano na kufungua tundu kwa milisekunde chache. Injini inapomisi, na baada ya plagi na mgandamizo wa silinda kukaguliwa (hatua ambayo mafundi wenye haraka huiruka), fundi huweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya nozeli na sikio kwenye mpini ili asikie mlio wa kugonga. Kimya kinaweza kumaanisha kwamba koili imekatika au umeme haufikii nozeli ipasavyo. Balbu ndogo ya majaribio ikichomekwa kwenye soketi ya nozeli hubainisha tatizo liko wapi: ikimwekamweka, umeme unafika. Kisha ukinzani wa koili hupimwa kwa multimita. Nozeli nyingi huonyesha ohmu 12 hadi 16. Zipo pia za ohmu 2 au 3, ambazo zikiunganishwa moja kwa moja na betri ya volti 12 zinaweza kuungua upesi.

Makosa ya utambuzi huanzia hapa. Multimita hupima koili, haipimi tundu. Nozeli inaweza kugonga vizuri na kuonyesha ohmu 14, ilhali imeziba kwa utando au inadondosha mafuta injini ikiwa imezimwa. Kasoro hizo hubainika kwenye benchi: nozeli zote za injini hunyunyiza katika mirija yenye alama za ujazo kwa muda uleule, kisha ujazo hulinganishwa. Pasipo benchi, geji ya msukumo hutosha. Kila nozeli hufunguliwa kwa muda sawa, na ile inayoshusha msukumo kidogo kuliko wenzake huwa imeziba.

Nozeli ya dizeli ya zamani kwa kawaida haina koili, hivyo multimita haina kazi. Hupimwa kwa pampu ya mkono yenye geji; nyingi hufunguka kati ya baa 120 na 250, na fundi hutazama kama mafuta yanatoka kwa umbo la ukungu au kwa mchirizi. Mkono hauwekwi mbele yake kamwe. Mafuta yenye msukumo huo hupenya ngozi, na jeraha linaloonekana dogo kama tundu la sindano ni dharura ya hospitali.

Mafundi wa dizeli ya zamani wana mbinu nyingine: kulegeza nati za paipu za nozeli, moja baada ya nyingine, injini ikinguruma. Ile ambayo ikilegezwa haibadilishi mngurumo ndiyo yenye silinda mbovu. Mbinu hiyo ni sahihi mahali pake. Ikihamishiwa kwenye komoni reli, ambako msukumo unaweza kuzidi baa 1,600, inahatarisha maisha. Huko hupimwa mafuta ya kurudi: vichupa huunganishwa na mirija ya kurudishia, na nozeli iliyochakaa hujaza chupa yake upesi kuliko nyingine.

Mwanagenzi anayeambiwa tu “legeza nozeli” hana namna ya kujua ni ipi kati ya hizo tatu. Fasili inayoishia kwenye “kifaa cha kunyunyizia mafuta” ni sahihi, lakini haimkingi. Kwa hiyo mtafiti anapendekeza kidahizo nozeli kigawanywe katika nozeli ya petroli, nozeli ya pampu na nozeli ya komoni reli, na kila kimoja kitajwe pamoja na msukumo wake.