Kibuyu Kidogo

Nchi ya Tarime ni nchi ya milima na mabonde. Iko mashariki ya Ziwa Viktoria, karibu na mpaka wa Kenya. Wenyeji wake walio wengi ni Wakuria, watu wa ng'ombe na wa jembe. Hulima mahindi, muhogo, ulezi na ndizi, na katika sehemu za juu hulima kahawa. Kazi za nyumbani ni nyingi, na kila mtu hupewa sehemu yake, hata mtoto mdogo.

Tumtazame mama mmoja ashikaye njia ya kisimani asubuhi, na nyuma yake binti yake wa miaka 4. Mama ana mtungi kichwani. Mtoto ana kibuyu kidogo, kiasi cha vikombe viwili tu. Njiani mtoto hujikwaa, maji humwagika, na wafikapo nyumbani imebaki nusu. Lakini mama hakidharau kibuyu kile. Hukipokea kwa mikono miwili, na baba aombapo maji humwambia, "Maji haya ameyaleta bintiyo." Baba huyanywa yote, wala hasemi kwamba ni machache. Mtoto amesimama mlangoni, asikia. Kesho yake huamka kabla ya mama.

Kwa nini wazazi hao wafurahi? Maji yale hayatoshi hata kupikia uji. Wafurahi kwa kuwa wameona jambo ambalo jana halikuwapo. Jana mtoto alibebwa, leo amebeba. Furaha ya namna hii ndiyo fahari ya wazazi, nayo ina kazi kubwa katika malezi. Mtoto mdogo hajui bado kama amefanya vema ama vibaya; huyasoma mambo hayo katika uso wa mama yake. Akiona uso umekunjuka, hujaribu tena. Akiona hakuna aliyemtazama, huliacha jambo lile, au hungoja mpaka aambiwe.

Fahari hiyo huanza mapema sana, wakati mtoto anapoketi, anaposimama na anapopiga hatua ya kwanza. Huko Kenya, si mbali na nchi ya Wakuria, wanakaa Wakipsigis. Katika miaka ya 1970 wataalamu wawili wa Marekani, Charles Super na Sara Harkness, walikaa nao katika kijiji walichokiita Kokwet. Waliona kwamba mama hachimbi shimo kwa ajili ya miti tu. Huchimba shimo dogo la kina kifupi, akamketisha mtoto ndani yake, na kuta za shimo zikamshika mgongo asianguke. Kadhalika humshika mikono akamfundisha kutembea. Basi watoto wale waliketi na kutembea mapema kuliko watoto wa Marekani. Lakini katika kutambaa hawakuwatangulia, maana jambo hilo hawakufundishwa. Hapo twaona ya kuwa mtoto hujifunza upesi yale ambayo wakubwa wake huyangojea kwa furaha.

Hata hivyo watoto hawalingani. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa vipimo vilivyopatikana kwa kuwatazama watoto wa nchi tano, nazo ni Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Ilionekana kwamba mtoto mwenye afya huweza kuanza kutembea peke yake wakati wowote kati ya miezi 8 na 18 hivi. Kwa hiyo mama ambaye mwanawe ametembea katika mwezi wa 10 asimcheke jirani yake ambaye mwanawe angali akitambaa katika mwezi wa 14. Wote wawili wamo njiani.

Lakini huenda msomaji akauliza: Mbona wazee wengi hawasifu watoto wao? Mbona baba humwona mwanawe amerudisha mbuzi wote salama, akanyamaza kimya kama hakuona? Je, hana fahari?

Fahari anayo, ila huificha. Wagusii wa Kenya, ambao lugha yao ni ndugu ya Kikuria, walikuwa na desturi hiyo. Robert na Barbara LeVine walikaa kati yao tangu mwaka 1955 hata 1957, wakaona kwamba wazazi hawakupenda kumsifu mtoto mbele yake. Walisema sifa humfanya mtoto mwema kuwa na kiburi na kutotii. Tena walichelea wivu wa majirani. Mtu ajisifuye kwa watoto wake aweza kumtia uchungu mwenziwe aliyefiwa na wake. Na katika siku zile waliofiwa walikuwa wengi, maana surua, malaria na kuhara viliwachukua watoto wengi kabla hawajafika umri wa kwenda malishoni. Mzazi aliogopa kukitangaza kitu ambacho kesho huenda asiwe nacho. Hata huko pwani, Waswahili wamsifupo mtoto husema "Mashaallah", ili sifa yao isidhaniwe kuwa ni kijicho. Siku hizi chanjo na vyandarua vimepunguza sana vifo vya watoto, lakini desturi ya kunyamaza haikuisha mara moja pamoja na sababu yake.

Basi wazee walisifu kwa njia nyingine. Mtoto aliyeleta kibuyu kidogo bila kumwaga alipewa kikubwa zaidi. Mvulana aliyechunga wana-mbuzi akawarudisha wote, siku moja alikabidhiwa ndama, na baadaye ng'ombe wenyewe. Hakuna aliyemwambia, "U mtoto hodari." Lakini fimbo ilipotiwa mkononi mwake, na ng'ombe walio mali ya nyumba nzima wakaachwa mbele yake, alijua vema maana yake. Kazi ile ndiyo iliyokuwa sifa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Majirani wa Tarime wana maneno mazuri juu ya jambo hili. Wakipsigis humwita mtoto mwenye akili kwa neno "ng'om", na walipoulizwa na wataalamu wale, walieleza kwamba kuna akili ya nyumbani na kuna akili ya shule. Mwenye akili ya nyumbani ni yule aonaye kazi akaifanya bila kutumwa. Nao Wajaluo, ambao ni wengi katika Wilaya ya Rorya iliyokuwa sehemu ya Tarime hata mwaka 2007, hawatoshelezwi na neno moja. "Rieko" ni maarifa, "luoro" ni heshima, "winjo" ni kusikia na kufahamu, na "paro" ni kufikiri na kuanza jambo kwa nafsi yake. Kwao mtoto aliye na maarifa bila heshima hajakamilika.

Walakini fahari ina hatari yake. Kuna fahari imleayo mtoto, na kuna fahari imtumiayo. Mzazi aonapo ya kuwa binti yake ajua kubeba maji, kupika uji na kumbembeleza mdogo wake, aweza kusema moyoni, "Huyu amekuwa msaada mkubwa, akienda shule nani atanisaidia?" Naye baba aonaye mwanawe ni mchungaji hodari aweza kusema, "Ng'ombe wangu wamepata mtu." Hapo uhodari wa mtoto humfunga. Mvivu hupelekwa shule kwa kuwa nyumbani hafai kitu, na mwenye bidii hubakizwa. Jambo hilo si haki, wala si halali. Sheria ya Elimu ya Tanzania ya mwaka 1978 yawalazimu wazazi kumpeleka shule ya msingi kila mtoto, wa kiume na wa kike.

Katika Mkoa huo huo wa Mara kuna kijiji cha Butiama, ambako Julius Kambarage Nyerere alizaliwa mwaka 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki. Mtoto alichunga mbuzi wa baba yake kama watoto wengine, mpaka akapata umri wa miaka 12 hivi. Yasimuliwa ya kuwa mtemi mmoja wa jirani alimwona akicheza bao, akastaajabia akili yake, akamshauri baba yake ampeleke shule. Mwaka 1934 akaingia shule ya Mwisenge, mjini Musoma. Mwaka 1962 akawa Rais wa kwanza wa Tanganyika, na baadaye akaiongoza Tanzania hata mwaka 1985. Mchezo wa bao ni jambo dogo la kila siku. Wengi huutazama wakapita. Mtu mmoja alitazama akaona, na baba akakubali kupungukiwa na mchungaji.

Hiyo ndiyo fahari iliyo kamili. Kwanza huona, maana mtoto asiyeonwa huchoka upesi. Pili hukadiria, maana mzigo uzidio nguvu za mtoto humvunja shingo na moyo pia. Tatu humwachia aende mbele, hata ikiwa nyumbani pataonekana pengo.

Wala kazi hiyo si ya wazazi peke yao. Mama yu shambani na baba yu mnadani. Mara nyingi aliye karibu na mtoto mdogo ni kaka yake au dada yake atokaye shule. Yeye ndiye wa kwanza kusikia neno jipya, na wa kwanza kuona mdogo wake amefunga kifungo mwenyewe au amehesabu vifaranga hata saba bila kukosea. Akimcheka kwa kosa la nane, mtoto hatahesabu tena mbele yake. Akimwambia, "Saba ni sawasawa, sasa tuhesabu pamoja," kesho watafika kumi.

Kibuyu kidogo kikifika nyumbani nusu, mwenye busara hatazami kilichomwagika njiani. Hunywa kilichobaki, akashukuru.