Nyumba ya kutazamwa na nyumba ya kulala



Ndugu msomaji, huko New York, Marekani, kuna desturi iliyoanza mwaka 1973 ambayo kwa mtu wa Ngara au Biharamulo inaweza kusikika kama kichekesho. Linatafutwa jumba kubwa, na kila chumba anakabidhiwa fundi hodari wa mapambo ya ndani akipambe apendavyo: mapazia, mazulia, taa, picha, makochi. Kisha milango inafunguliwa kwa majuma machache. Watu wanalipa kiingilio, wanapita chumba hadi chumba wakishangaa, wanarudi kwao. Hakuna anayelala humo. Fedha inayopatikana inakwenda kwenye klabu ya Kips Bay, iliyoanzishwa mwaka 1915, inayolea watoto na vijana wa jiji hilo.

Iko na nyingine. Danny Thomas, mchekeshaji Mkatoliki mwenye asili ya Lebanoni, alipokuwa na shida alimwomba Mtakatifu Yuda Tadei amwonyeshe njia, akaahidi kumjengea mahali pa heshima. Ahadi hiyo ikawa hospitali ya watoto mjini Memphis, iliyofunguliwa mwaka 1962. Familia ya mtoto anayetibiwa saratani pale haipelekewi bili. Tangu mwaka 1991, njia mojawapo ya kuichangia ni kujenga nyumba nzuri kwa vifaa na kazi vilivyotolewa bure, kuionyesha kwa watu na kuuza tiketi. Mmoja anashinda nyumba, hospitali inapata fedha.

Wapo watakaosema kuwa huo ni ufahari tu: fedha ya mapazia ingepewa maskini moja kwa moja. Tuwe waangalifu. Pale Bethania, Mariamu alipoipaka miguu ya Bwana marhamu ya thamani, aliyelalamika kwamba ingeuzwa dinari 300 wapewe maskini alikuwa Yuda Iskariote, na Mwinjili anatuambia wazi kuwa hakuwa akiwajali maskini (Yn 12:1-8). Mtoto aliyepona haulizi dawa yake ilitokana na pazia la rangi gani. Uzuri unaweza kumtumikia mnyonge.

Lakini Bwana huyohuyo anatuonya tusipige tarumbeta tunapotoa sadaka (Mt 6:2-4). Hapo tuwaache Wamarekani, tujitazame sisi.

Sisi nasi tuna maonyesho yetu. Siku ya harambee ya nyumba ya mapadre tunafunga turubai, tunakodi vipaza sauti, tunamwalika mgeni rasmi. Jogoo mmoja ananadiwa mara nne: anayemnunua anamrudisha anadiwe tena. Mkungu wa ndizi unafikia bei ambayo hakuna soko la Rulenge lingeikubali. Watu wanacheka, wanashangilia, wanatoa. Sioni ubaya. Furaha ya kutoa pamoja ni neema, na paroko naye ni mtu, anahitaji paa. Shida inaanza mahali pengine: pale marumaru ya sebule ya paroko inapong'aa, na hatua mia mbili kutoka hapo mama mjane anasogeza kitanda kila mvua inaponyesha. Nabii Hagai aliwauliza watu wake kama ilikuwa haki wakae katika nyumba zilizopambwa kwa mbao huku nyumba ya Bwana ikiwa gofu (Hag 1:4). Mtakatifu Yohane Krisostomo aliligeuza swali hilo upande wa pili: kuna faida gani kumvika Kristo hariri kanisani, kisha kumwacha nje akitetemeka kwa baridi?

Na hata tunapomjengea mjane huyo, mara nyingi tunamfanya yeye mwenyewe kuwa maonyesho. Anasimamishwa mbele ya mlango mpya, anakabidhiwa godoro, kamera zinapiga, hotuba zinafuata. Anatakiwa kulia ili picha ipendeze. Kesho yake wageni wameondoka, turubai limekunjwa, na shemeji anabisha hodi: kiwanja hiki ni cha ukoo, mume wako amekufa, wewe ni mgeni hapa. Kwa mila za sehemu nyingi za mkoa wetu wa Kagera, jambo hili si hadithi. Basi tumemjengea nani nyumba?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanaume, na kijiji kinaweza kutoa hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lake. Karatasi hiyo haina mvuto wa picha. Hakuna anayeishangilia kwa vigelegele. Lakini bila hiyo, bati thelathini tulizochanga zinaweza kumezeka nyumba ya mtu mwingine. Sadaka inayoishia kwenye mlango uliopakwa rangi imekomea njiani.

Sisi watu wa huku tumewahi kuona milango ikifunguliwa bila kiingilio. Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya saa 24 hivi, takriban watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia mauaji ya Rwanda. Benaco, mahali palipokuwa kituo tu cha njiani, pakawa mji wa maturubai. Wenyeji wa Ngara, wenyewe maskini, waligawana nao maji, kuni na ardhi. Gharama waliiona: miti ilikwisha, visima vikaelemewa. Hakuna aliyepita kupiga makofi chumba hadi chumba.

Kwa hiyo, mpendwa, kabla ya harambee ijayo napendekeza jumuiya ndogondogo zifanye mambo matatu. Kwanza, zipite nyumba kwa nyumba kimyakimya na kuuliza ni nani analala pabaya kuliko wote; huyo awemo kwenye bajeti kabla ya marumaru. Pili, siku ya kukabidhi, mwenye nyumba aulizwe kama anataka kupigwa picha. Akisema hapana, iwe hapana. Tatu, wazee wa jumuiya waende naye kwenye halmashauri ya kijiji mpaka jina lake liandikwe, na shemeji awepo kama shahidi.

Siku ya mwisho Kristo hatatuuliza nyumba yetu ilitazamwa na wangapi. Atatuambia alikuwa mgeni, nasi tulimkaribisha au hatukumkaribisha (Mt 25:31-46). Mwenye hekima aanze kutayarisha jibu leo, mvua za masika zisije zikamtangulia kwa jirani yake.