Diya ya Wazee na Mahakama ya Dola: Shauri la Binti wa Isiolo

 

Ndugu wasomaji, safari yetu ya karibuni ilitufikisha Isiolo, mji ulio mlango wa kaskazini mwa Kenya, wanakokutana Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru. Baada ya sala ya Alasiri tulialikwa chai nyumbani kwa mzee mmoja tuliyekaa naye mkeka mmoja chuoni enzi za utoto wetu. Mzee alikuwa na shauri. Binti yake amekwisha kupata shahada ya kwanza ya sheria, na sasa ataka kusoma uzamili katika sheria za jinai na mwenendo wa mashtaka.

"Shekhe wangu," alituambia, "angetaka kusomea ndoa na mirathi ningemwelewa, maana Mahakama ya Kadhi tunayo hapa mjini. Lakini jinai? Niuze ngamia ili binti yangu akawatetee wauaji?"

Binti alikuwa ameketi kando ya mama yake. Tulimwomba ajieleze, naye akasema kwa adabu: "Baba, ninaotaka kuwasomea ni wale ambao mambo yao huamuliwa na watu wengine, wao wenyewe wasiulizwe neno."

Hapo tukafahamu kuwa shauri hili si la nyumba ile peke yake. Mwaka 2001 wazee na viongozi wa kaskazini walikutana Modogashe, mji ulio mpakani mwa Isiolo na Garissa, wakaandika mapatano ya kuzuia damu isimwagike kwa ajili ya malisho, maji na mifugo. Diya ya mwanamume iliwekwa ng'ombe au ngamia 100, na ya mwanamke 50. Hatuwezi kuyadharau mapatano hayo, kwani yalizaliwa mahali ambapo askari alikuwa mbali na mahakama ilikuwa mbali zaidi.

Hata mahakama za dola zimewahi kuupa nafasi mwenendo huo. Mwaka 2013 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilikubali ombi la Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma la kuondoa shtaka la mauaji, baada ya familia mbili za Kiislamu kupatana na fidia ya mifugo kutolewa. Je, uamuzi ule ulikuwa rehema, au ni mlango ambao tajiri ataupita na maskini atafungiwa? Kifungu cha 159 cha Katiba ya 2010 chahimiza upatanisho na njia za kijadi, ila chakataza zisitumiwe kuvunja haki ambazo Katiba yenyewe imezithibitisha. Maswali ya namna hii ndiyo kazi ya mwanafunzi wa uzamili.

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza huulizwa sheria yasemaje. Anayetaka uwakili huingia Chuo cha Sheria cha Kenya, akafundishwa namna ya kuomba dhamana, kumhoji shahidi na kuandika rufaa. Wa uzamili huulizwa kwa nini sheria yasema hivyo, ilitoka wapi, na yamdhulumu nani. Atagundua, kwa mfano, kwamba Kanuni ya Adhabu ya Kenya ya mwaka 1930 ilichukua nafasi ya ile ya Bara Hindi, na kwamba nasaba yake yarudi hadi Queensland, Australia, kwenye sheria ya mwaka 1899. Mchungaji wa Merti huhukumiwa kwa maneno yaliyopangwa na watu wasiojua Merti iko wapi.

Atasoma pia yaliyowapata wazee wake. Sheria ya Kinga ya mwaka 1970 iliwazuilia raia kuwashtaki maafisa na askari kwa yale waliyoyatenda Kaskazini Mashariki, Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu kati ya tarehe 25 Desemba 1963 na 1 Desemba 1967, kwa hoja ya nia njema na usalama wa umma. Sisi wa pwani hatuna budi kuikumbuka, kwani Lamu na Tana River zimo. Mtu ambaye babu yake alifungiwa mlango wa mahakama, si ajabu akiwaamini wazee chini ya mti kuliko hakimu.

Lakini liko jambo ambalo wazee hawaliwezi, nalo ndilo alilolikusudia binti. Msichana akinajisiwa, mara nyingine hukaliwa maslaha, mifugo ikatolewa kwa baba na ami zake, naye akarudi kuteka maji kisima kimoja na aliyemdhulumu. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, katika kifungu cha 40, haimpi mzee wala mzazi mamlaka ya kuifuta kesi kama hiyo. Nasi, kwa elimu yetu ndogo, hatuoni kuwa fiqhi yapingana na hilo. Katika mauaji, warithi wa aliyeuawa ndio wenye haki ya kusamehe au kupokea diya. Heshima ya msichana si mali ya ami zake hata waipangie bei.

Ama kuhusu kuwatetea wauaji, tulimkumbusha mzee Suratun Nisaa, kuanzia aya ya 105. Wafasiri wamesimulia kisa cha mtu wa Madina aliyeiba dirii, akamsingizia Myahudi. Jamaa zake wakamwendea Mtume (s.a.w.) kumtetea ndugu yao, na aya zikashuka kumtakasa yule asiye na kosa, ijapokuwa hakuwa Mwislamu. Basi kumsimamia mtuhumiwa mpaka ushahidi usikilizwe si kulitetea kosa.

Na mwenendo wa mashtaka ni ngao ya kila mtu. Kifungu cha 49 cha Katiba chataka aliyekamatwa aambiwe sababu kwa lugha anayoifahamu, aambiwe ana haki ya kunyamaza, na afikishwe mahakamani haraka, kwa kawaida isizidi saa 24. Kifungu cha 50 champa mshtakiwa mkalimani bila malipo. Aliyehukumiwa katika mahakama ya hakimu ana siku 14 za kukata rufaa. Mchungaji asiyejua ila Kiborana, akikosa mkalimani, aweza kukiri kosa asilolielewa na kufungwa kwalo. Wazazi, wafundisheni watoto wenu mambo haya kama mnavyowafundisha nambari za simu zenu.

Mzee alinyamaza mpaka chai ikapoa. Kisha akamgeukia binti yake: "Nitauza ngamia wawili. Sharti langu ni moja, ukimaliza urudi Isiolo."

"Nisiporudi hapa, baba, nitakwenda wapi?" akajibu.

Adhana ya Magharibi ikatuinua. Twamwomba Mola amfungulie binti huyu elimu yenye manufaa, na atujaalie sote kusimama na haki hata ikiwa dhidi ya jamaa zetu. Amin.