Kuongeza Vyumba kwa Nyumba: Ni Kazi ya Miezi Mingapi?

Nyumba nyingi za kambi zetu za Likasi, Kolwezi na Lubumbashi zilijengwa zamani na kampani ya madini, vyumba vichache tu. Leo watoto wamekuwa wakubwa, wajukuu wamefika, na vijana wanalala mu saloni. Baba anasema: "Tuongeze vyumba viwili." Fundi anajibu mbio: "Mu mwezi moja njo itaisha!" Tusidanganyike. Kazi hii inafuata mvua, na kwetu mvua inaanza Oktoba ao Novemba.

Februari na Machi: Baba na mama waketi pamoja, wapime lupango, wahesabu feza, kiisha waombe ruhusa ya kujenga kwa ofisi ya Urbanisme. Karatasi inaweza kukawia. Musichimbe bila hiyo.

Mei na Juni: Matofali. Udongo wa kichuguu ni mzuri sana. Tofali bichi likauke majuma mawili ao zaidi, ndipo liingie katika tanuru. Anayechoma tofali lenye maji atapata vipande tu.

Julai na Agosti: Fondasio juma moja, kuta majuma matatu ao mane. Beto ya juu ya milango na madirisha imwagiwe maji kila siku, angalau siku 7. Nguvu yake inapimwa kwa siku 28. Fundi anayetoa mbao za chini kesho yake anatafuta hatari.

Septemba: Mbao na manjanja. Feza ikipunguka, acheni sakafu na lipu, lakini musiache manjanja! Ukuta uliojengwa na udongo, usiofunikwa, unakunywa mvua mpaka siku moja unaanguka. Na watoto njo wanacheza chini yake.

Oktoba na Novemba: Milango, sakafu, lipu. Ukuta wa nyumba ya zamani utobolewe sasa tu, vyumba vipya vikiisha kufunikwa. Hivi jamaa italala salama wakati wote wa kazi. Mahali ukuta mpya unapokutana na wa zamani, ufa unaweza kuonekana, kwa sababu ule mpya ungali unashuka kidogo. Musiharakishe kupaka lipu pale.

Basi, aliye na feza tayari ahesabu karibu miezi kumi. Anayejenga kwa mshahara, kidogo kidogo, ahesabu miaka miwili ao mitatu, na hiyo si haya. Mwaka huu matofali, yafunikwe vizuri. Mwaka ujao kuta na manjanja pamoja. Lakini simenti musiweke akiba: mufuko wa kilo 50 ukikaa mu mvua unakuwa jiwe. Nunueni wakati fundi yuko tayari.

Vijana, nanyi mujue kazi yenu: kufyatua matofali na kuchota maji. Hicho chumba ni cha nani, kama si chenu?