Nta za Gari: Ya Kusafishia na ya Kumalizia
(Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi ya kuosha gari na kulikausha. Leo tuingie katika suala la nta, ambalo wenye magari wengi hulikata dukani kwa kutazama uzuri wa kopo, ilhali jawabu lake limo katika rangi ya gari lenyewe.

Nta ya kusafishia ina dawa za kuyeyushia uchafu, na aghalabu chembe laini mno za kusugulia, ambazo huondoa mafuta ya barabarani, mabaki ya nta ya zamani na ule utando wa rangi iliyokufa kwa jua, kisha huacha nyuma yake nta haba. Nta ya kumalizia haina chembe hizo. Kazi yake ni kufunika na kung'arisha tu. Mashuhuri miongoni mwake ni ile ya carnauba, itokayo katika majani ya mti wa jamii ya mitende uotao kaskazini-mashariki ya Brazili, ambayo haiyeyuki mpaka joto lipite digrii 80, hali nta ya nyuki huyeyuka kwenye digrii 63 hivi.

Zamani nilikuwa na gari jekundu, la rangi isiyo na vanishi juu yake, na kila Jumamosi nilipolisugua kwa nta ya kusafishia nilifurahi kuona kitambaa kikigeuka chekundu, nikidhani nimeshinda uchafu, kumbe nilikuwa nikiifuta rangi yenyewe, hata siku moja ukingo wa boneti ukafunua rangi ya chini. Magari ya siku hizi yana vanishi isiyo na rangi, basi kitambaa hakimwonyi mtu. Na vanishi hiyo, ambayo unene wake kwa kawaida ni maikroni 40 au 50, yaani haufiki sehemu moja ya kumi ya milimita, ikiisha hairudi ila kwa kupulizwa upya na fundi.

Kwa hiyo kagua kwanza. Gari likiwa limeoshwa, litazame juani: rangi ikiwa imepauka kama chaki, nta ya kusafishia ina haki yake, lakini mara moja kwa mwaka yatosha, na wala si lazima kila mwaka. Ikiwa rangi yang'aa ila maji hayasimami tena juu yake kama matone ya umande, kilichokwisha ni nta, si rangi. Pakaa ya kumalizia. Sisi wa pwani, kwa chumvi ya bahari na jua letu, huenda tukahitaji kufanya hivyo kila baada ya miezi miwili au mitatu.

Anayetumia zote mbili na atangulize ya kusafishia, kama seremala atangulizavyo msasa kabla ya mafuta, maana akigeuza mpango ataila kwa mkono wa pili nta aliyoipakaa kwa mkono wa kwanza. Afanye kazi kivulini, bati likiwa baridi, apake nyembamba, na aepuke plastiki nyeusi, ambayo nta huiachia madoa meupe yenye inda.

Mwenye fedha za kopo moja tu, na rangi ya gari lake haijapauka, anunue ya kumalizia. Juma lijalo, inshallah, tutazungumzia madoa ya kinyesi cha ndege.