Uzamifu hauanzi siku ya kusajiliwa

Kila mwaka, matokeo ya shahada ya kwanza yatokapo, hunijia vijana wanaonuia kusomea uzamifu katika sayansi ya siasa. Alama zao hupendeza. Lakini niwaulizapo ni jambo gani hasa wanalotaka kulichunguza, wengi hutazama dari. Mfumo wetu huwafunza kujibu maswali ya mtihani. Kuuliza ni shughuli inayongojewa hadi uzamili.

Nchini Marekani, ambako mtu huweza kuingia uzamifu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza, hakuna nafasi ya kungojea hivyo. Ndiyo sababu chama cha wanasayansi wa siasa wa huko kilianzisha, mwaka 1986, mafunzo ya wiki tano kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, hasa wa jamii zenye wasomi wachache katika taaluma hiyo. Kwa miaka mingi yalifanyika Chuo Kikuu cha Duke. Mwanafunzi husoma takwimu, kisha huandika utafiti wake mwenyewe.

Mafunzo hayo yalipewa jina la Ralph Bunche, Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata uzamifu wa sayansi ya siasa nchini mwake. Alitunukiwa na Harvard mwaka 1934, kwa tasnifu iliyolinganisha utawala wa Wafaransa katika Togo na Dahomey, ambayo leo ni Benin. Hata hivyo hakutosheka. Mwaka 1937 alikwenda London kujifunza mbinu za utafiti wa nyanjani, na huko akafunzwa Kiswahili na Jomo Kenyatta, kabla ya kufika Kenya mwaka 1938. (Nasi tunao wanafunzi wa siasa wanaoona haya kumhoji mkulima kwa Kiswahili!)

Mwanafunzi wetu wa mwaka wa pili hahitaji nauli ya kwenda ng'ambo. Tangu mwaka 2013 tuna mabunge 47 ya kaunti, na Katiba yaagiza vikao vyake viwe wazi kwa umma. Na aende akaketi humo muhula mzima, ahesabu ni miswada mingapi iliyoletwa na ni mingapi iliyopitishwa, aulize kwa nini mingine ilikufa, kisha aandike kurasa kumi. Mhadhiri atakayezisoma atakuwa na neno la kutia katika barua ya mapendekezo, mbali na kwamba kijana huyu ana adabu na huhudhuria mihadhara.