KUNGUNI WAMERUDI: SABABU ZAKE NI ZIPI?

Si siri tena kwamba kunguni wamerudi. Katika ufuko wa Ziwa Victoria, tangu Mbita mpaka visiwa vya Rusinga na Mfangano, kama vile katika miji mikubwa ya Kenya, mdudu huyu ambaye watu wengi walidhani ameondoka pamoja na nyumba za zamani anaonekana tena katika matendegu ya vitanda, katika mishono ya magodoro na katika nyufa za kuta. Wako wanaoona haya kumtaja, kwa kuwa husemwa kwamba kunguni ni alama ya uchafu. Wako na wengine wasemao kwamba kunguni huletwa na vyandarua vinavyogawiwa na Serikali, na kwa hiyo huvikunja na kuviweka kando. Maelezo haya yote mawili si sahihi, na hilo la pili lina hatari kubwa. Yafaa basi sababu za kweli zielezwe.

Kwanza ajulikane mdudu mwenyewe. Aliye mwingi katika nchi za joto ni wa aina ambayo wataalamu huiita Cimex hemipterus. Hana mabawa ya kurukia, wala hazaliwi na takataka. Chakula chake ni damu tu. Mchana hujificha, na usiku hufuata joto na pumzi ya mtu aliyelala, akanywa damu kwa dakika chache, kisha akarudi mafichoni. Kabla ya kukomaa hujivua ngozi mara 5, na kila mara hana budi kupata damu kwanza. Jike mmoja aweza kutaga mamia ya mayai maishani mwake, na penye joto yai huwa kunguni mzima kwa muda wa majuma machache. Tena aweza kukaa miezi bila kula. Ndiyo sababu chumba kilichofungwa kwa muda mrefu si lazima kiwe salama, na jike mmoja mwenye mayai anatosha kujaza nyumba nzima.

Kwa kuwa chakula chake ni damu, nyumba iliyofagiwa na isiyofagiwa kwake ni sawa. Usafi humsaidia mwenye nyumba kumwona adui mapema, lakini haumzuii kuingia. Mwaka 2023 magazeti ya dunia yalijaa habari za malalamiko juu ya kunguni katika Paris, mji mkuu wa Ufaransa, wala hakuna atakayesema kwamba mji huo umekosa sabuni.

Sababu kubwa ya kurudi kwao ni kwamba dawa zilizokuwa zikiwaua zimepungua nguvu juu yao. Nguvu ya DDT ya kuua wadudu iligunduliwa mwaka 1939 na Paul Müller wa Uswisi, na dawa hiyo ilipoanza kupulizwa majumbani baada ya Vita Kuu ya Pili, kunguni walikufa kwa wingi katika nchi nyingi. Lakini mapema kabisa, mwaka 1947, katika mabweni ya wanamaji wa Marekani huko Pearl Harbor, Hawaii, walionekana kunguni ambao DDT haikuwaua.

Watu hudhani kwamba kunguni huizoea dawa kama mtu anavyozoea pilipili. Sivyo. Katika kundi kubwa la kunguni huenda wakawamo wachache waliozaliwa na tofauti ndogo. Huyu ana ngozi nene kuliko wenzake, sumu isipenye upesi; yule mwili wake huweza kuivunja sumu kabla haijamdhuru; na mwingine, pale mahali katika mishipa ya fahamu ambapo sumu hushika, pamebadilika, sumu isipate pa kushika. Dawa inapopulizwa, wengine wote hufa, na hao wachache hubaki peke yao na nyumba yote. Huzaana, na watoto wao hurithi tofauti ile ile. Baada ya vizazi kadhaa kundi zima huwa la wale wasiokufa.

Baada ya DDT zilifuata dawa zinazotengenezwa viwandani kwa kuiga nguvu iliyomo katika ua la pareto, zao ambalo wakulima wa milima ya Kisii wanalijua vema, na ambalo Kenya kwa miaka mingi iliongoza dunia kwa kuliuza. Dawa hizi huipiga mishipa ya fahamu mahali pale pale ilipopigwa na DDT. Kwa hiyo kunguni ambao wazazi wao waliishinda DDT kwa njia hiyo waliikuta dawa mpya wakiwa wamekwisha jikinga nusu.

Vyandarua vya kuzuia mbu navyo hutiwa dawa ya jamii hiyo ya pareto. Huko Tanzania, katika miaka ya 1990, vyandarua vya namna hii vilipoanza kutumika vijijini, watu walipata faida mbili: mbu walipungua, na kunguni nao wakatoweka vitandani. Lakini faida hii ya pili haikudumu. Mwaka 2002 wataalamu walichapisha habari za uchunguzi wao katika vijiji vya karibu na Muheza, Mkoa wa Tanga. Kunguni waliokusanywa katika nyumba zilizotumia vyandarua vyenye dawa kwa miaka kadhaa walikuwa wamepata usugu dhidi ya dawa zile.

Hapo ndipo ilipo asili ya neno lisemwalo leo kwamba chandarua huleta kunguni. Katika Kenya vyandarua vimekuwa vikigawiwa bure kwa wingi tangu mwaka 2006. Mtu aliyewaona kunguni wakiisha, kisha akawaona wakirudi chandarua kingali kinaning'inia, ni rahisi kukidhania ubaya. Tena kunguni hujibanza katika mikunjo yake, na katika kitambaa cheupe huonekana upesi kuliko katika ufa wa ukuta. Vivyo hivyo dawa inapopigwa kwenye kuta, kama ilivyofanywa katika Kaunti ya Homa Bay mwaka 2018 na miaka iliyofuata, kunguni waliochokozwa huweza kutoka mafichoni wakaonekana, na watu wakadhani wameletwa siku ile. Kumbe walikuwamo tangu hapo.

Sababu ya pili ni safari. Kunguni hawezi kuruka, lakini hupanda gari, mashua na kivuko bila nauli, amejificha katika mfuko wa nguo au godoro lililokunjwa. Mbita ni mji wa wasafiri. Kivuko huvuka kutoka Luanda Kotieno, na magari huenda Rusinga kwa daraja. Wavuvi huhama kutoka ufuko mmoja hadi mwingine wakifuata samaki, na wachuuzi wa omena hulala ugenini. Vyumba vya kupanga vya mabati vimeshikana ukuta kwa ukuta, hata kunguni aliyefukuzwa chumba hiki huhamia cha pili kwa kupitia tundu la msumari. Vitanda na magodoro yaliyokwisha tumiwa hununuliwa bila kukaguliwa mishono.

Sababu ya tatu ni haya. Mwenye kunguni huwaficha jirani zake habari, naye jirani humficha zake, na wadudu huongezeka katikati ya ukimya huo. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Wengine kwa siri hununua sumu ya shambani na kuinyunyiza juu ya godoro analolalia mtoto. Jambo hili ni hatari kabisa, kwa maana sumu hiyo huweza kumdhuru mtoto, na kunguni wenye usugu wakabaki.

Sasa na tupime hasara. Kunguni huudhi, huwasha ngozi na kuondoa usingizi, lakini haijathibitishwa kwamba hueneza ugonjwa kwa watu katika maisha ya kila siku. Mbu aina ya anofelesi hueneza malaria, na nchi za kando ya ziwa ni katika sehemu za Kenya zenye malaria nyingi kuliko zote. Pale pale Mbita pana kituo cha icipe, shirika la elimu ya wadudu lililoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, ambako mbu huchunguzwa. Hata ilipojaribiwa katika kisiwa cha Rusinga, kati ya mwaka 2012 na 2015, mitego ya mbu yenye harufu kama ya mwanadamu na kuendeshwa kwa nguvu ya jua, mitego hiyo iliwekwa kuongezea vyandarua, wala si kuchukua mahali pao. Mzazi anayeondoa chandarua kwa hasira ya kunguni amemfungulia mlango mbu, na kunguni hakumtoa.

Njia za kumpunguza kunguni zisizotegemea dawa zinajulikana, nazo ni kazi ya mikono. Kitanda kifunguliwe chote, na maji yanayochemka yamiminwe katika maungio na nyufa. Shuka na nguo zinazostahimili moto zichemshwe. Godoro lichunguzwe kwa tochi, mshono kwa mshono, kwa kuwa kulianika juani tu hakutoshi: kunguni hukimbilia upande wa kivuli. Nyufa za kuta zizibwe. Chandarua kisichemshwe, kunguni waondolewe kwa mkono, kisha kifuliwe polepole kwa maji baridi na sabuni ya kawaida, na kuanikwa kivulini. Kazi hii irudiwe baada ya siku 10 hivi, kwa sababu mayai yaliyosalia yatakuwa yameanguliwa.

Wenye vyumba vilivyoshikana yafaa wapatane siku moja waifanye pamoja, na anayetaka kutumia dawa amwulize kwanza afisa wa afya ya umma ni ipi ifaayo. Na jioni ya siku hiyo hiyo, kazi ikiisha, chandarua kirudishwe mahali pake juu ya kitanda.